Chupa ya Methadone na Kibuyu cha Kasiksi

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, aliyenilea baada ya baba kufa, alisema mtu aliyeondoka Masisi akiwa mchungaji wa ng'ombe wa watu hawezi kurudi akiwa muganga, kama kwetu tunavyomwita muuguzi au daktari. Muuza duka mmoja wa Kashebere alisema stashahada yangu, kwa kuwa ilitolewa na Watanzania, haina kazi Kongo isipokuwa kufungia karanga. Wale niliosoma nao shule ya msingi walikuwa wapole zaidi: walisema nitafanya kazi msimu mmoja wa mvua, nitachoka na matope, nitarudi Dar es Salaam kula samaki. Na niliposema kwamba nitamtibu mwanamke mwenye mimba aliyezoea tramadol, vidonge vya maumivu, tena kwa dawa ambayo nayo ni ya ukoo wa afyuni, walikubaliana wote, jambo lisilotokea mara nyingi Kashebere. Huyu, walisema, ataua watu wawili kwa mara moja.

Mtu asiyenijua anaweza kudhani ninajisifu. Ninajisifu, na nina sababu. Niliondoka Masisi sina viatu. Dar es Salaam nilisukuma mkokoteni wa madumu ya maji, nikalinda duka la vifaa vya ujenzi, nikasoma sekondari na watu wazima jioni, mwishowe nikapata stashahada ya uuguzi. Hakuna mradi ulionilipia, wala kanisa, wala mjomba. Baada ya masomo niliajiriwa kwenye kliniki ya methadone, dawa ya maji wanayopewa watu waliotekwa na heroini. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya dirisha la nondo, kupima dozi ya kila mtu na kumtazama akiimeza. Niliwaona wanawake wakija dirishani na mimba changa, nikawaona wakija na mimba kubwa, kisha wakija na watoto mgongoni. Kwa hiyo watu wa Kashebere walipopiga kelele, mimi nilikuwa nimeshaona kitu ambacho wao hawajakiona.

Mwanamke mwenyewe alizaliwa msituni, ndani ya Walikale, na alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa mafuta ya mawese hapo Kashebere. Kabla ya kuolewa alikuwa mbebaji. Alibeba unga, chumvi na kreti za bia kutoka barabarani hadi kwenye mashimo ya madini, mzigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Huko mashimoni wachimbaji na wabebaji humeza tramadol kama wengine wanavyotafuna muwa. Kidonge kimoja kinanyamazisha mgongo. Baada ya muda mgongo huohuo unadai vitano. Baadaye mtu havimezi tena kwa ajili ya mgongo. Anavimeza ili asitetemeke na kutapika.

Alikuja kwenye kituo changu cha afya hapo Kashebere siku ya soko, akasubiri mpaka wagonjwa wengine wote wakaisha.

“Muganga, balisema unajua dawa ya tramadol.”

“Ninaijua. Unameza vingapi?”

“Kwa siku ya raha ao kwa siku ya kazi?”

“Kwa siku yoyote.”

Akainua vidole vya mikono yote miwili, kisha akakunja kimoja, kama mtu anayepunguza bei sokoni. “Na niko na mimba. Miezi ine. Hii ni ya tatu. Zile mbili zilitoka.”

Nilimuuliza zilitoka vipi. Alieleza bila kulia. Mara zote mbili mume wake aligundua vidonge, akamwita mama yake kutoka Lushebere. Mama mkwe alifika na kina mama wawili wa kanisa, wakamfungia mukamwana chumbani kwa maombi na kufunga, wakatupa vidonge chooni. Mara zote mbili alitapika, akaharisha, miguu ikamrukaruka, kisha tumbo likaanza kujikaza na mimba ikatoka. Mama mkwe alisema ni dhambi. Baba yake mzazi, huko msituni, alisema ni kwa sababu aliolewa bila kufanyiwa mambo ya mila, na wazee waliokufa wamekasirika. Pande hizo mbili hazikuwa zimesalimiana tangu mimba ya pili.

Mimi nilimwambia ninachokijua. Mwili uliozoea afyuni ukinyimwa ghafla, tumbo la uzazi linaweza kujikaza, na mtoto aliye ndani anapata taabu ileile ya mama yake. Sikuweza kuapa kwamba hicho ndicho kilichotoa mimba zake, kwa kuwa hakuna aliyezichunguza. Lakini kumfungia mara ya tatu ingekuwa kupanda mbegu ileile kwenye shamba lilelile na kungoja mavuno mengine.

“Basi niendelee kumeza?”

“Kwa sasa, ndiyo. Usiache na usiongeze. Nitakuletea dawa ya kushika nafasi yake.”

Alicheka kidogo. “Unatoa jiwe mu kiatu ya kushoto, unaitia mu kiatu ya kuume.”

Lilikuwa neno zuri, na nililijibu kama nilivyokuwa nikilijibu Dar. Kidonge kinampandisha mtu na kumshusha mara nyingi kwa siku, na mtoto tumboni anapanda na kushuka naye. Methadone hupanda polepole na kukaa kimya mpaka kesho yake. Mtu hatetemeki, halewi, anapika, anakwenda shambani, anakula. Imetumiwa na wajawazito wengi sana kabla yake, na waganga wamewatazama wao na watoto wao kwa muda mrefu. Ina hatari zake, nikamwambia, nami ninazijua moja moja. Akasema kitu ambacho sijakisahau.

“Mimi siogope dawa. Naogopa kuzika tena.”

Goma alikuwepo daktari aliyetibu maumivu ya saratani, na katika kabati lake la dawa kulikuwa na methadone. Nilikwenda kwake mwenyewe, kwa pikipiki, kupitia Masisi na Sake. Aliniuliza maswali ya mtihani, nami nikayajibu yote. Mwishowe alikubali kuandika dozi, mimi niwe mkono wake Kashebere, na kila mabadiliko yapitie kwake kwa simu. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi kimoja, mtu mwenye bunduki aliishika chupa akaiangalia juani.

“Iko nini?”

“Dawa ya mwanamke mwenye mimba.”

“Onja tuone.”

“Nikionja nitalala hapa kwenye kizuizi chako, na wewe njo utanibeba mpaka Kashebere.”

Wenzake walicheka, naye akanirudishia chupa. Sikuwa nimetania. Mtu ambaye hajazoea afyuni anaweza kufa kwa dozi ambayo mwenzake anainywa na kwenda kulima. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa funda moja. Ndiyo maana nilitengenezewa kasha la chuma lenye kufuli, nikalifunga kwa misumari ukutani, na ufunguo ukakaa shingoni mwangu. Mwanamke hakwenda nayo nyumbani hata tone. Kila asubuhi alikuja, akanywa mbele yangu, akanisalimia baada ya kumeza ili nijue kinywa ni kitupu.

Wiki za mwanzo ndizo za hatari. Tulianza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu, kwa sababu methadone hujilimbikiza mwilini: ya leo inaikuta ya jana haijaondoka. Nilimkalisha kwenye benchi baada ya kunywa, nikamsemesha mambo ya soko, nikasikiliza kama maneno yanakokotwa. Kabla ya kila dozi nilitaka kwanza kumwona macho. Siku nyingine alikasirika.

“Unaniangalia kama mbuzi ya kuuzwa.”

“Mbuzi wa kuuzwa hapimwi pumzi, dada.”

Vidonge vilipungua, kisha vikaisha. Alianza kulala usiku na kula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kama watu wengine. Mashavu yalirudi. Mume wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alianza kumsindikiza kituoni siku za matope, akisimama nje na kofia mkononi.

Alipougua malaria, nilipiga simu Goma kabla ya kugusa dawa yoyote, maana kwinini na methadone zote mbili zinagusa mapigo ya moyo. Muuguzi mwingine angempa alichozoea kumpa kila mtu. Mimi sikusomea hivyo.

Kisha mama mkwe akaja. Alikuwa mjane wa milima ya Masisi, mkulima wa maharage, aliyekimbia vita mara mbili na mara mbili akarudi kwenye shamba lake la Lushebere, karibu na kambi ya wakimbizi. Alikuwa na sauti ya mtu anayeongoza kwaya. Safari hii aliletwa na umbea, maana hakuna aliyemwita. Alinikuta kituoni nikipima mtoto wa mtu uzito.

“Wewe njo muganga ya kutoka Dar?”

“Ndiyo, Mama. Karibu.”

“Unaongea kama redio.” Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. “Sasa redio, uniambie. Mutu akilewa na mutuku, unamutibisha na bia?”

“Mama, mtu akivunjika mguu Lushebere, mnamfanya nini?”

“Tunamufunga na vijiti.”

“Mkivitoa siku ya tatu?”

“Anaanguka.” Alifikiri kidogo, kisha akaupata mwiba wake. “Na mutoto ya mu tumbo, naye amevunjika muguu?”

Foleni nzima ilicheka tena upande wake. Nilimwambia kwamba mtoto wa tumboni anakaa kwenye mguu huohuo wa mama yake, ukianguka anaanguka naye, kama walivyoanguka wale wawili. Hakuna aliyekuwa amewahi kumhesabia wale wawili mbele ya watu. Alikaa Kashebere kuanzia siku hiyo, akawa anakuja kila asubuhi nyuma ya mukamwana wake, akisimama kwenye mlango wangu kama askari wa forodha.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mwanamke alianza kuja akipiga miayo, pua ikimtoka maji, jasho shingoni. Hakuwa amerudia vidonge. Katika miezi ya mwisho damu ya mama huongezeka na mwili hupitisha dawa haraka, kwa hiyo dozi iliyomtosha siku nzima haimfikishi asubuhi. Daktari wa Goma aliiongeza na kuigawa mara mbili, asubuhi na jioni.

“Unaongeza!” mama mkwe alisema. “Balisema unapunguza!”

“Waliosema hawakuniuliza mimi. Kupunguza kutakuja, lakini si wakati wa mimba.”

“Mungu anakuona.”

“Anione vizuri, Mama. Ninafanya kazi nzuri.”

Sikutaka ajifungulie Kashebere. Kituo changu kina kitanda cha kuzalia na mkunga hodari, lakini hakina daktari, na mtoto wa mama anayetumia methadone anatakiwa kukaa chini ya macho ya daktari kwa siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Tulikwenda hospitali moja upande wa Masisi wiki mbili kabla ya wakati wake, mimi nikiwa nimebeba kasha langu la chuma, lililong'olewa ukutani, na, kwenye mfuko wa shati, vichupa vya naloksoni, sindano ya kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na afyuni. Daktari wa pale alikuwa kijana mwenye adabu. Alikuwa ameisoma methadone vitabuni lakini hajawahi kuitoa. Nilimweleza, naye akasikiliza. Nimeona madaktari wasiosikiliza wauguzi. Huyu hakuwa mmoja wao.

Mama mkwe alikuja kama mlinzi wa mgonjwa. Kwetu hospitali haipiki wala haifui. Kila mgonjwa huja na mtu wake, na watu hao hukaa nyuma ya jengo kwenye moto wao, na kule nyuma ndiko maamuzi mengi ya matibabu hufanyika. Nilikwenda kule makusudi nikamweleza mbele ya wenzake: mukamwana wako hatakunywa pombe ya aina yoyote, wala dawa ya usingizi ya mtu yeyote. Alikasirika.

“Mimi mutu ya kanisa. Pombe haijaingia mu nyumba yangu tangu nilibatizwa.”

Nilimwamini, na alikuwa anasema kweli.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kike, akalia vizuri. Bibi yake alimchukua akamzungusha juani kwenye dirisha, akimtafuta kasoro, akakosa. Siku hiyo hata mimi aliniita papa, yaani baba.

Siku iliyofuata mtoto alianza kutetemeka. Alipiga chafya mfululizo, akalia kwa sauti nyembamba isiyoisha, akashika titi na kuliachia. Nilikuwa nimewaambia tangu Kashebere kwamba hili linaweza kuja: mtoto alikuwa akipata dawa kupitia kwa mama, sasa kamba imekatwa, mwili wake mdogo unaitafuta. Hupita, na mtoto hapotezi kitu. Dawa yake ya kwanza ni mama mwenyewe. Tuliwahamishia kwenye kona yenye giza na kimya, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, amefungwa vizuri kwa kitenge, ananyonyeshwa kidogo kidogo kila mara. Maziwa ya mama anayetumia methadone hayana ubaya. Dawa inayopita ni kidogo sana, na mtoto anayenyonya hutulia mapema kuliko asiyenyonya. Daktari aliweka tayari matone ya morfini endapo hilo lisingetosha.

Nyuma ya jengo, kwenye mioto, waliamua vingine.

“Huyo mutoto iko na kilimi,” mlinzi mmoja alisema. “Hanyonye juu ya kilimi. Niko najua mutu wa kukata, anakaa karibu.”

“Na meno ya plastiki,” akaongeza mwingine. “Uangalie fizi.”

“Mujukuu yangu hakatwe kitu,” mama mkwe alisema. “Iko na njaa. Maziwa ya mama yake haijashuka. Nyinyi hamujazaa?”

Nilisikia hayo nikipita na nikafurahi, nikadhani amekuwa wa upande wangu. Alikuwa wa upande wa mjukuu wake. Mchana huo alikwenda Lushebere, ambako si mbali, akarudi na thermosi.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu asiye wa milima ya Masisi hawezi kulijua. Kule migomba ni mingi, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, hutengenezwa karibu kila boma. Mtu wa kanisa haigusi. Lakini mama aliyejifungua hupewa kasiksi ya moto yenye asali, kibuyu kwa kibuyu, ili maziwa yashuke. Mama wa mchungaji hupewa. Mke wa shemasi hupewa. Hakuna anayeihesabu kuwa pombe, kama vile hakuna anayehesabu supu ya kuku wa mzazi kuwa karamu. Mama mkwe alipewa alipozaa watoto wake wote, naye aliwapa binti zake. Kumnyima mukamwana ingekuwa aibu: watu wangesema amemnyima kwa sababu ni mtu wa msituni.

Mvua kubwa ilikuwa inapiga bati nilipoingia wodini jioni ile kabla ya dozi ya pili. Nilisikia mtoto analia. Mama yake alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mtoto mapajani, kichwa kimelala begani. Hakusikia kilio. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kibuyu kidogo mkononi, uso umeng'aa.

“Usimuamushe,” alininong'oneza. “Leo njo amelala muzuri.”

Nilimchukua mtoto nikampa yeye. Midomo ya mwanamke ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Pumzi ilikuja na mkoromo, ikakaa, ikakaa tena, ndipo nyingine ikaja. Nilimsugua mfupa wa kifua kwa ngumi na kumwita kwa sauti. Akafungua macho nusu, akayafunga. Nikasikia harufu tamu ya ndizi.

“Mama, amekunywa nini?”

“Kasiksi. Ya maziwa.”

“Kiasi gani?”

Akainua thermosi na kuitikisa. Ilikuwa imebaki kidogo tu chini.

Nilimlaza, nikamwinua kidevu, nikamwita daktari kwa kelele ambayo mvua haikuifunika. Tulimpa naloksoni kidogo kidogo, maana ukiitia yote kwa mpigo mtu aliyezoea afyuni huamka katika mateso. Baada ya sindano ya kwanza hakuna kilichobadilika. Baada ya iliyofuata akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akatapika ile kasiksi yote juu ya shati langu, akauliza mtoto yuko wapi.

Watu waliojaa mlangoni walimsifu Mungu na kutaka kuondoka. Mimi sikuondoka. Naloksoni haikai mwilini kama methadone inavyokaa. Sindano inakwisha kabla ya kile inachokipinga. Kabla giza halijaingia pumzi ilirudi nyuma tena, tukamrudishia sindano. Dozi ya jioni hakupewa. Tulikaa naye, daktari na mimi kwa zamu, na bibi akakaa chini sakafuni, mjukuu kifuani mwake.

Asubuhi mume wa mwanamke alifika kutoka Kashebere akiwa na kaka yake mkubwa na hasira ya njiani. Walikuwa wameambiwa kwa simu kwamba dawa ya Dar imemuua mwanamke na amefufuliwa.

“Muganga, ile kasha uifungue. Tunaenda kumwanga ile kitu,” kaka mkubwa alisema. “Ingekuwa jana tungezika.”

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, nami nilijua kwamba wakitaka kuuchukua wataweza. Wakimwaga dawa, baada ya siku chache yule mwanamke atakuwa anatafuta vidonge na mtoto titini. Nilifungua kinywa kuwaeleza, lakini mwanamke alinitangulia. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu.

“Mama,” alimwambia mama mkwe, na si wanaume. “Hii dawa nimeikunywa tangu miezi ngapi? Ulisimama ku mulango kila siku. Siku gani uliniona nimelala vile?”

Mama mkwe alikuwa anamfunga mtoto kitenge. Alimaliza kufunga kwanza.

“Jana,” alisema.

“Na jana niliongeza nini?”

Mama mkwe aliitazama thermosi ya kasiksi iliyokuwa bado chini ya kitanda, na kaka mkubwa akadakia. “Mama, kasiksi ya bibi zetu njo inaua batu sasa?”

“Kila moja peke yake ilikuwa inamwacha anapumua,” nilisema. “Zote mbili hulaza pumzi. Zikikutana, moja inashika miguu, nyingine inashika mikono. Na baada ya kujifungua mwili unarudi ulivyokuwa, dozi ya mimba kubwa inakuwa nzito kidogo. Daktari wa Goma ameshasema asubuhi hii tuipunguze.”

Mama mkwe alinigeukia. Swali lake lilikuwa la mtu anayetaka kujua, na lilikuwa la kwanza la namna hiyo kuniuliza.

“Tukiacha dawa, naweza kumupatia kasiksi?”

“Unaweza. Kisha mwili utamtetemesha, atatafuta tramadol, na kasiksi itakutana na tramadol. Huko hakuna atakayekuwa anamtazama macho kila asubuhi.”

“Na maziwa?”

“Maziwa huitwa na mtoto mwenyewe akinyonya. Na uji wa mtama, na maji, na usingizi.”

Mtoto alipiga chafya, akatetemeka, akatulia. Kaka mkubwa alianza kusema kitu kuhusu heshima ya ukoo, na mama mkwe akainua kiganja bila kumwangalia, kama anavyonyamazisha kwaya.

“Hamuna mwenye alizika hapa ispokuwa huyu na mimi,” alisema. “Mbili nilizizika na mikono yangu, juu ya kuacha dawa. Ya tatu haitaenda juu ya maziwa.” Alichukua thermosi, akatoka nayo kwenye mvua ambayo ilikuwa bado haijakatika, akaimwaga kwenye mtaro. Aliporudi alimwambia mwanawe, “Nenda ununue mtama.”

Siku zilizofuata mtoto alitetemeka kidogo kuliko jana yake, kisha kidogo zaidi. Matone ya morfini hayakufunguliwa. Alianza kunyonya kwa nguvu mpaka mama yake akalalamika. Daktari kijana aliniomba nimwandikie namna tulivyofanya, nami nikamwandikia kurasa nne, kwa Kifaransa, bila kosa.

Tuliporudi Kashebere, nyumba ya mfanyabiashara ilikuwa imejaa. Ndugu wa Masisi walikuwa wamekuja na kasiksi ya kumpokea mtoto, na kutoka msituni alikuwa amekuja baba yake mwanamke na kuku mwekundu wa kufanyia mila. Pande mbili zilikaa pande mbili za ua. Shangazi mmoja wa Lushebere alimletea mama mtoto kibuyu cha kwanza, kwa magoti, kama inavyotakiwa. Mama mkwe alikipokea njiani akampa mwanamume aliyekuwa karibu.

“Huyu anakunywa uji tu.”

“Mama! Unamunyima mukamwana kasiksi? Juu ni mutu wa pori?”

“Namunyima juu ni mutoto yangu.”

Watu walinong'ona. Shangazi alisimama na kusema kwa sauti kwamba Lushebere nzima itasikia, na mama mkwe akamwambia aseme vizuri, asisahau chochote. Baba wa msituni, aliyekuwa akisikiliza na kuku wake mkononi, alinyanyuka akavuka ua, akamsalimu mama mkwe kwa mikono miwili.

Asubuhi yake mwanamke alikuja kituoni. Alikunywa dozi yake, ile iliyopunguzwa, akakunja uso kwa uchungu wake, akanisalimia ili nijue kinywa ni kitupu. Nyuma yake mama mkwe alisimama mlangoni, mtoto amelala mgongoni mwake.

“Atakunywa mpaka lini?” aliniuliza.

“Mpaka awe tayari kupunguza. Mwaka, miaka, sijui. Hatutaharakisha.”

“Muzuri,” alisema, akamvuta mukamwana mkono, maana jua lilikuwa linapanda na maharage aliyopanda nyuma ya nyumba ya mwanawe yalikuwa yanangoja kupaliliwa.